Kiatu cha Ndani ya Bomba la Moshi

Kiatu kilikuwa juu ya meza ya Inspekta Constantin tangu asubuhi, na jua lilikuwa limeshapanda bila kiatu hicho kumwambia neno.

Kilikuwa kimoja, cha mguu wa kushoto, cha mtoto ambaye labda ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kukimbia. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kwa masizi na ngumu kama ubao. Hakikuwa na kamba, kilifungwa kwa vifungo vya ubavuni, vya aina ambayo Constantin hakuwahi kuiona sokoni. Kisigino kilikuwa kimelika upande. Soli ilikuwa imepigiliwa vimisumari vidogo vyenye kijani kibichi pembezoni, na Constantin, mtoto wa Likasi, mji wa shaba, tangu kuzaliwa, aliandika bila kufikiri mara mbili: misumari ya shaba, ina kutu. Halafu akakinusa. Kunusa hakukumsaidia kitu, lakini mtu aliyekwama hujaribu yote.

Rolly, mtoto aliyepotea, alikuwa na miaka tisa. Mguu wake usingeingia humo hata kwa kupakwa mafuta. Tena mama yake mwenyewe, Orpa, alisema kijana alikuwa anatembea pekupeku. Baba yake, Samy, mfanyabiashara wa malakiti, yale mawe ya kijani yenye shaba, alieleza kwamba asubuhi moja ya wiki iliyopita alitoka naye kwenda kutafuta makala, makaa ya kupikia, kwenye njia ya Koni, akamrudisha kutoka njiani kwa sababu alikuwa anachelewesha safari. Mtoto hakufika nyumbani. Ama alifika, akamkuta mtu mmoja tu uani.

Mtu huyo alikuwa amekaa mbele ya Constantin kwenye benchi, mikono mapajani. Mama Eugénie, mjane, alikuwa akiishi kwenye chumba cha uani cha nyumba hiyo ya kina Samy, mtaani Shituru, tangu ujana wake. Wapangaji walikuja na kuondoka. Wa mwisho walikuwa familia iliyopandishwa treni ya Kasai miaka mitatu kabla, wakati ule wa aibu watu wa Kasai walipofukuzwa, na baada yao ndipo Samy na Orpa walipoingia. Eugénie akabaki pale pale, na sasa kubaki kwake kumekuwa kosa. Jumamosi Samy aliota kwamba mwanawe amefungwa ndani ya ukuta. Jumapili, walipotoka kwenye ibada, alivunja bomba la moshi mbele ya mashahidi, na kiatu kikaanguka. Mtaa haukuhitaji maelezo zaidi. Constantin alimfungia yule mama kwenye kasho, chumba cha mahabusu cha ofisi, ili asipigwe mawe, na mkubwa wake akamwambia kwamba hakuna maiti wala shahidi, kwa hiyo leo mchana aachiwe arudi kwake.

Kumrudisha Shituru bila jibu kulikuwa ni kumkabidhi kwa wauaji. Constantin alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana alikuwa amekasirika tangu alfajiri.

"Mama Eugénie, hii kiatu unaijua?"

"Naijua."

Kalamu ilisimama. Constantin alikuwa amejiandaa kusikia hapana.

"Jana ulisema haujue kintu."

"Jana bantu balikuwa banapiga makelele, sikuione muzuri. Leo naiona. Iko na ma-boutons, hii bifungo. Njo ile." Machozi yalianza kumtoka, bila kelele. "Njo ile yenye ilimufukuzisha mama mukwe yangu ku kazi."

"Kazi gani?"

"Kufula manguo. Ile nyumba, ni Mwingereza njo aliijenga. Alikuwa kapita, mukubwa wa mafundi. Zamani sana, kabla Babeleji bajae hapa, bakubwa ba kazi balikuwa banasema Kingereza. Alikuwa na mutoto, mutoto iko na biatu ya ma-boutons. Siku ingine kiatu moja inapotea. Madame anatafuta, anatafuta, anasema ni mufuaji njo aliiba. Kiatu moja, Inspecteur! Mutu ataiba kiatu moja ya kufanya nayo nini?"

Katika maswali yote ya asubuhi hiyo, hilo ndilo lililokuwa na akili, na liliulizwa na mtuhumiwa.

Constantin aliandika, akasoma alichoandika, akashika kichwa. Alikuwa ametafuta kitu cha kumwokoa mama huyu, na sasa alikuwa na kiatu kilichopotea mikononi mwa mama mkwe wake. Shituru wakisikia hivyo watasema uchawi ulirithishwa ndani ya jamaa, kutoka kwa mkwe hadi kwa mke wa mwana. Labda mfuaji alikificha kweli kwa kisasi. Labda Eugénie alikuwa anajua mahali kilipo miaka yote hii. Lakini kama alikuwa anajua, kwa nini aseme mwenyewe, tena bila kubanwa?

"Nani alikitia mu ukuta?"

"Minye nilikuya pale nikiwa bibi-arusi. Ukuta ilikuwa ukuta." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Inspecteur, usinirudishe kule mikono mitupu. Kama unanirudisha, unirudishe na jibu. Bataniua, na weye unajua."

"Najua, mama."

Constantin alikifunga kiatu ndani ya kitambaa na kutoka.

Mwingereza pekee aliyebaki Likasi, kwa ujuzi wake, alikuwa Mademoiselle Winifred, mkunga wa misheni, ambaye wenzake wote walishapanda ndege wakati wa uporaji wa askari. Yeye alikataa. Alikuwa amezalisha nusu ya mji, Constantin akiwamo, na hiyo ndiyo sababu Constantin hakupenda kwenda kwake kikazi. Ni vigumu kumhoji mtu aliyekushika kwa miguu ukiwa kichwa chini.

Alimkuta kwenye njia ya Kakontwe, barazani, akikung'uta mashuka. Vumbi jeupe la machimbo ya chokaa lilikuwa limetua juu ya kila kitu, pamoja na nywele zake, ambazo hazikuhitaji weupe zaidi.

"Constantin! Umekonda. Banakulisha kule ku ofisi ya parquet?"

"Mademoiselle, nimekuya na swali."

Alifungua kitambaa. Mkunga alikitazama kiatu, akaweka mkono kinywani, akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Mulikitosha mu shemine, mu bomba ya moshi," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Iko na masizi. Na iko moja. Kaa." Akamsogezea kiti. "Minye nilizaliwa Northampton. Kule kwetu bantu bengi ni bafundi ba biatu. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya zamani zamani. Siku moja bafundi banatengeneza shemine, kiatu inaanguka, namna hii, ya mutoto. Bibi akafunga mulango. Akasema hakuna mutu anatoka humu mpaka hii kiatu irudie pa fasi yake."

"Juu ya sababu gani?"

"Nyumba unafunga mulango, unafunga madirisha. Shemine haufunge, moshi itapita wapi? Basi mubaya, ile pepo, anaweza kushukia pale. Njo fundi anatia kiatu, ya zamani, yenye ilishavaliwa mpaka ikashika sura ya mugulu. Mubaya anaiona, anafikiri ni mutu, anaingia. Anashindwa kutoka. Kiatu haina marche arrière, haijue kurudi nyuma."

Alisema hivyo bila kutabasamu. Constantin hakujua kama aandike.

"Mademoiselle, hii ni bulozi, ni uchawi?"

"Ni ya kukataza bulozi, mutoto yangu. Na minye siamini hata kidogo, niko mutu wa Biblia." Akakitazama tena kiatu. "Banasema kulikuwa padri moja, John Schorn, mu kijiji ya North Marston. Ni miaka zaidi ya mia sita. Alifungia shetani mu buti. Bantu balitoka mbali kuya kuomba kule. Bengine banasema mambo ya biatu ilianzia pale, bengine banakatala. Na kuko benye kutia paka mukavu chini ya plancher, chini ya mbao ya nyumba."

"Paka?"

"Paka."

Paka hakumwandika. Kiatu peke yake kilikuwa kinamtosha.

"Na yule mwenye kutia kiatu, anamwambia muke yake?"

"Hapana. Ni siri ya fundi. Hasemi kwa mutu. Anaitia, anafunga ukuta na chokaa, basi. Hakuna mwenye kuifungula tena mpaka nyumba inaanguka."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mwingereza alichukua kiatu cha mwanawe mwenyewe, akakijengea ndani ya bomba, kisha akamwacha mkewe amfukuze mfuaji kwa wizi, na yeye amekaa mezani anakunywa chai yake, kimya. Constantin alimchukia mtu huyo kwa moyo wote, ingawa bila shaka alishazikwa mbali na sasa hakuwa na mwili wa kutiwa pingu. Alimshukuru Mademoiselle na kuondoka karibu akikimbia. Alikuwa na jibu.

Jibu hilo liliishi kutoka Kakontwe hadi Shituru tu.

Kwenye lango la nyumba watu walikuwa wameshajaa. Habari kwamba Eugénie anaachiwa ilikuwa imemtangulia, na Mama Henriette, kiongozi wa maombi, mwanamke wa sauti na mwili, alikuwa amesimama mbele. Wanaume wawili walikuwa na fimbo, na mmoja alikuwa na kidumu cha mafuta ya taa ambacho Constantin alikiona na kuomba asiwe amekiona. Alipanda kwenye ngazi za baraza na kuwaeleza yote: Mwingereza, mafundi wa Northampton, bibi aliyefunga mlango, mubaya anayeshuka kutoka juu. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kama mwalimu.

Mama Henriette alipiga makofi mara moja.

"Donc bazungu pia ni balozi, ni bachawi!" alisema Henriette.

"Mama, nimesema ni ya kukataza..."

"Tulikuwa tunajua!" sauti ikatoka nyuma.

"Ngojeni," alisema mwenye kidumu, mtu wa kufikiri polepole. "Kama ile kiatu ilikuwa inafunga shetani, na Samy aliitosha Jumapili, shetani iko wapi sasa?"

Wote wakainua macho kwenye paa. Kisha wote wakayashusha kwa Constantin.

"Na nani mwenye kukaa naye pale uani miaka yote?" aliuliza Henriette. "Eugénie iko wapi?"

Constantin alijuta kufungua mdomo. Aliingia ndani, akafunga mlango, akasimama sebuleni bila kujua afanye nini na mikono yake. Orpa alikuwa kwenye kiti, amevaa nguo ile ile ya jana. Samy alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, mtu mpana wa mabega na macho ya kukosa usingizi.

"Balisikia?" aliuliza Samy.

"Balisikia vibaya."

Kwa kukosa la kufanya, akafanya kile afanyacho mpelelezi aliyeishiwa: akarudia mwanzo. Vifusi vilikuwa bado sakafuni. Orpa alikuwa ameogopa kuvifagia. Constantin alipiga magoti na kuanza kuokota matofali mojamoja. La kwanza lilikuwa na chokaa nyeupe iliyomomonyoka mara tu alipoikwangua kwa ukucha. La pili vilevile. La tatu halikumomonyoka. Alilipeleka dirishani. Kilichoshikamana nalo kilikuwa cha kijivu, kigumu, na ilibidi atumie ufunguo kukikwangua.

Akatenga mafungu mawili. La chokaa lilikuwa kubwa. La saruji lilikuwa dogo, matofali machache tu, na alipojaribu kuyarudisha kwenye ukuta yaliingia sawasawa kuzunguka tundu alilovunja Samy, wala si mahali pengine.

"Samy, shemine ilishatengenezwa?"

"Hapana. Tangu tuliingia hatuigusi."

"Hata weye?"

"Ninaigusa ya nini? Mu Likasi nani anawasha moto mu nyumba?"

"Jumapili uliivunja na nini?"

"Na nyundo."

"Ilikuwa nguvu kuivunja," alisema Orpa kutoka kitini, kwa sauti ya mtu anayezungumza usingizini. "Alipiga mpaka akatoka jasho."

Chokaa ile ungeweza kuitoa kwa kijiko. Constantin hakulisema hilo. Umeme wa bwawa la Koni ulikuwa haujafika mtaa huo tangu nyaya ziibiwe, kwa hiyo aliomba mshumaa, akauingiza ndani ya bomba, akauinua. Nyuma ya tundu kulikuwa na rafu ya tofali, upana wa viganja viwili. Aliingiza mkono na kupangusa. Vidole vilitoka vyeusi. Kiganja kilitoka kijani.

Alikitazama kwa muda. Kisha akatoa kiatu kwenye kitambaa, akakigeuza na kukwangua msumari mmoja wa soli kwa ncha ya ufunguo. Kijani kilipukutika kama unga. Chini yake msumari ulikuwa mwekundu wa kutu. Ulikuwa chuma. Yote ilikuwa misumari ya chuma, na chuma hakioti kijani hata kikae karne. Mtu wa mji mwingine angejiuliza asubuhi ile ile. Yeye alizaliwa penye shaba, na machoni pake kila kijani kilikuwa kutu ya shaba, kwa hiyo alikuwa ameandika ujinga na kutia sahihi. Kiatu kilikuwa kimekalishwa juu ya vumbi la malakiti. Kama kingebaki pale tangu Mwingereza akiweke, vumbi lingekuwa juu yake, si chini.

"Ulificha mawe humu," alisema.

Samy alishusha mikono kutoka kifuani.

"Ulivunja, ukakuta kiatu. Ukatia mawe. Baadaye ukatosha mawe, ukarudisha kiatu, ukafunga na simenti. Halafu Jumamosi ukalota. Samy, haukulota kintu."

"Kila mutu anaficha mali yake, Inspecteur. Hiyo ni kosa?"

"Unanunuaka mawe kwa nani?"

"Kwa bachimbaji."

"Majina."

Samy alitazama mlangoni. Nje watu walikuwa wameanza kuimba, na wimbo ulikuwa unasogea kwenye baraza. Constantin alihisi bado hajashika jambo lenyewe. Mawe yalikuwa yameeleza kiatu. Mtoto alikuwa hajaelezwa na chochote. Mtu anaficha malakiti, sawa, wengi wanaficha. Kwa nini amtupie mjane kosa la kupotea kwa mwanawe, tena kwa bidii hivyo, kwa jasho? Alitazama yale mabega mapana. Aliuliza swali ambalo hata yeye hakujua linatoka wapi.

"Shimo yenyewe ya malakiti, unaweza kuingia?"

"Minye?" Samy alijitazama kifua, bila kukusudia, kama mtu anayejipima. "Minye sipite."

Aliposikia alichosema, uso wake ulibadilika.

"Rolly anapita," alisema Orpa.

Hakuuliza. Alikuwa amesimama, ingawa hakuna aliyemwona akisimama.

"Orpa..."

"Haikuwa makala."

"Orpa, sikiliza. Ilikuwa mara ya mwisho. Nilimufunga kamba muzuri. Udongo ilikuwa imelowa, minye sikujua..."

"Alikuita?"

Constantin alikuwa na maswali yake, ya utaratibu, mahali, saa, nani mwingine alikuwapo. Hakuuliza hata moja. Aliona haya kuwa ndani ya nyumba hiyo.

"Samy. Alikuita?"

"Aliniita."

"Na weye?"

"Balinzi ba machimbo balikuwa banakuya." Samy aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni katikati ya vifusi. "Nilijificha mu majani. Nilisema, bakipita nitarudia. Bakasimama pale, bakavuta sigara. Alikuwa anaita kule chini, sauti haikufika kwabo, ilifika kwangu tu. Nilirudia. Nilirudia, Orpa! Nikavuta kamba, udongo ikaanguka yote. Sikumusikia tena."

Kwenye mlango watu walianza kugonga kwa fimbo. Constantin alimshika Samy mkono na kumwinua, na yule mtu mkubwa aliinuka bila ubishi wowote. Orpa alikuwa ameshafika mlangoni. Aliufungua wote.

Wimbo ulikatika. Henriette alikuwa mbele na jasho usoni, na nyuma yake kidumu, na nyuma ya kidumu mtaa mzima.

"Mama Orpa, mulozi iko wapi? Inspecteur alimuficha?"

"Hakuna mulozi," alisema Orpa. "Kuko baba yake."

Henriette alimtazama Samy, akatazama mkono wa Inspekta uliomshika, akarudisha macho kwa Orpa. Polepole akaelewa, na ile sauti yake kubwa ikampotea.

"Mulete majembe," alisema Orpa. "Anajua fasi ya shimo. Atatangulia."

Mwenye kidumu alikiweka chini, akakimbilia kwake kuchukua jembe.